Siku foleni ya Kitonga iliponifungua masikio ya Kijerumani

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, na Kijerumani nimejifunzia kibandani kwangu. Nikisema hivyo watu wanadhani nilikuwa nasoma huku nashona, hapana, cherehani ikishaanza kulia husikii kitu. Muda wangu ulikuwa ule wa kazi za mkono, kupinda gauni, kukaza vifungo, kufumua sketi ya mtu aliyeongezeka mwili, hapo kibanda kinatulia kabisa. Basi kazi zote za namna hiyo nikawa nazilimbikiza mpaka jioni, kabla sijaenda kuwapikia wanangu, nachomeka hedifoni sikio moja na lingine nawaachia wateja. Huo ndio muda niliokuwa nao, na sikuwahi kupata mwingine.

Mwalimu wangu alikuwa DW, yaani Deutsche Welle, redio ya Ujerumani. Asubuhi nasikiliza taarifa ya habari ya idhaa yao ya Kiswahili, ile ile aliyokuwa anaisikiliza baba tangu tukiwa wadogo, halafu jioni naweka habari zao za Kijerumani zinazosomwa polepole, wanaziita Langsam gesprochene Nachrichten, na maandishi yake unayapata neno kwa neno kwenye tovuti yao. Kwa vile habari yenyewe nishaijua kwa Kiswahili, sihangaiki kuuliza nani kafanya nini, nahangaika na lugha tu. Mimi naamini hapo ndipo wengi wanapokwama, wanataka kuelewa jambo jipya kwa lugha mpya kwa wakati mmoja, kichwa kinachemka wanaacha.

Ila kulikuwa na ukuta. Msomaji wa habari za polepole namwelewa vizuri, lakini nikiweka Wajerumani wenyewe wanaongea kikwao, mahojiano au mtu yupo mtaani kaulizwa swali, naambulia neno hapa neno pale. Hali hiyo ilikaa muda mrefu sana na ilikuwa inaniuma.

Sasa Novemba 2019 nilishuka Dar kufuata vitenge Kariakoo. Wiki ile DW hawakuwa na stori nyingine, ilikuwa inatimia miaka 30 tangu ufunguke ukuta wa Berlin, ule uliowazuia watu wa Ujerumani Mashariki kuvuka kwenda Magharibi. Gesti niliyofikia ilikuwa na waifai nzuri, nikapakua kila kitu, habari za Kiswahili, habari za polepole, na klipu moja ya zamani ya yule kigogo wa chama cha Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, anaongea na waandishi wa habari tarehe 9 Novemba 1989. Nikapanda basi alfajiri ya Jumamosi kurudi nyumbani, tarehe 9 hiyo hiyo.

Ruaha Mbuyuni tulipita vizuri, watu wakanunua vitunguu vyao madirishani, tukaanza kukitafuta Kitonga. Hatujafika katikati ya mlima basi likasimama. Konda akashuka akarudi akasema semi imekufa kwenye kona, imelala barabara nzima, hakuna kupanda wala kushuka mpaka ije mashine ya kuivuta. Anayeijua Kitonga anajua maana yake, upande mmoja ukuta wa mlima upande wa pili korongo, huna pa kuchepukia. Joto lilikuwa kali, watoto wanalia, nyani wamekaa kwenye kingo wanasubiri tutupe maganda ya ndizi.

Wenzangu wakawa wanalalamika na mimi moyoni nikasema leo Mungu kanipa saa. Maana sijawahi kukaa na Kijerumani mchana kutwa bila mtu kuniita dada gauni langu vipi.

Nikaanza na Kiswahili, nikaja za polepole, nikarudia, nikarudia tena, ndipo nikaweka ile klipu. Mara ya kwanza ni kelele tu. Schabowski anasoma karatasi kwa haraka kama mtu anayetaka kwenda zake, sentensi ndefu ya kiofisi, Privatreisen nach dem Ausland können, halafu yanakuja maneno mengi hapo katikati, ndipo mwishoni kabisa anamalizia beantragt werden. Kijerumani kina tabia hiyo, ukishasikia können ujue tendo lenyewe limepelekwa mwisho, na mimi siku zote nilikuwa naishia katikati, nang'ang'ania neno moja nisilolijua, nikishtuka sentensi imekwisha. Pale Kitonga nikajilazimisha kuyaachia maneno ya katikati yapite, nisubiri tendo tu. Narudisha nyuma, nasubiri. Narudisha, nasubiri. Likafika! Safari za binafsi kwenda nje zinaweza kuombwa, bila masharti. Nikalisikia zima kama lilivyo, sikulitafsiri kwanza, maana ilikuwa imeshaingia.

Kuanzia hapo mengine yakafuata yenyewe. Mwandishi anauliza inaanza lini, yeye anapekuapekua makaratasi, anagugumia, anasema sofort, unverzüglich. Mara moja, bila kuchelewa. Nilicheka kwa sauti basi zima likanigeukia.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Ilula, tulishasalimiana kwa Kihehe tangu Dar, kamwene, kamwene. Akaniuliza, "Mwanangu, unacheka nini na sisi tumekwama?" Nikamwambia, "Babu, namsikiliza Mjerumani aliyefungua ukuta wa Berlin kwa mdomo." Kumbe nimegusa penyewe. Alikuwa dereva wa malori ya Zambia enzi hizo, na habari ya ukuta ilimkuta Tunduma amelala kwenye foleni ya mpaka na redio yake ya mkulima. Akataka nimweleze yote, nikampa hedifoni moja, mimi moja, nasimamisha klipu kila kipande nampa Kiswahili chake. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Akauliza swali zuri, "Kwahiyo hakutumwa kusema vile?" Nikamjibu hapana babu, ile ruhusa ilikuwa ianze kesho yake, na watu waombe kwanza ofisini kwa utaratibu, ila yeye hakuwa ameelezwa vizuri. Kule ilikuwa inakaribia saa moja jioni, kwetu huku saa tatu usiku. Watu wakasikia kwenye taarifa ya habari, wakamiminika mpakani, na ilipofika saa tano na nusu usiku wao askari wa geti la Bornholmer Straße wakazidiwa wakafungua. Ukuta uliokaa tangu 1961. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Na sisi Tunduma tulikuwa tunalala siku tatu kwa sababu ya muhuri."

Halafu akaniuliza kitu ambacho hata mume wangu alikuwa hajaniuliza. "Na yale waliyoyaandika hao watu kuhusu sisi hapa, unaweza kuyasoma?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu, sikuwa nimemwambia mtu. Nimezaliwa Kalenga, lile fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954 nimeliona pale makumbusho tangu nikiwa darasa la tatu, na kila nikiuliza siku zile za 1898 zilikuwaje naambiwa mengi yapo kwa Kijerumani. Kapteni Tom von Prince aliyekuwa anamsaka Mkwawa aliandika, mke wake Magdalene aliyeishi naye hapa hapa Iringa aliandika pia, nyumba zetu, njia zetu, watu wetu wamo humo. Nilitaka niyasome kwa macho yangu, nisisubiri mtu anichagulie ya kuniambia. Nikamjibu mzee, "Bado babu, ila nitayasoma." Akasema, "Usichelewe, sisi wa kuulizwa majina ya mahali tunapungua."

Semi ilivutwa jua linazama. Mzee alishuka Ilula, akaniandikia namba ya mjukuu wake kwenye risiti ya vitenge.

Nilianza mwaka uliofuata, na ni kazi nzito kuliko redio. Maandishi mengi ya enzi zile yamechapwa kwa herufi za kizamani, s inafanana na f, na majina ya vijiji yameandikwa jinsi Mjerumani alivyoyasikia, unalisoma kwa sauti mara kadhaa ndipo unagundua ni mahali unapopajua. Naenda aya kwa aya, jioni, nikishamaliza kupinda. Jina likinishinda nampigia yule mjukuu, ananipa babu.