Betri Iligoma Elena

Mwaka 2010 nilikuwa mpagazi katika milima ya Rwenzori, Uganda. Kazi ya wiki nzima: furushi mgongoni, buti za mpira miguuni, na matope ya kinamasi cha Bigo yanayokung'ang'ania kama mdai. Safari ninayoikumbuka kuliko zote tulimpandisha kijana mmoja mrefu kutoka Norwei, mkimya, aliyeokota Kiswahili chake Arusha. Wenzangu wakanisukumia mimi niongee naye. Nimekulia sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, na pale bila Kiswahili huuzi hata kiberiti.

Usiku wa kwanza, kibandani Nyabitaba, alinipa upande mmoja wa hedifoni. Nikasikia mvumo usiokatika, mithili ya mvua ya mawe juu ya mabati, na ndani yake mtu anakoroma. Nikamrudishia taratibu.

"Kaka, kidude chako kimeharibika."

"Hapana. Ndivyo walivyotaka."

Ilikuwa Transilvanian Hunger ya Darkthrone, ya mwaka 1994. Akaniambia ilirekodiwa kwa mashine ndogo ya nyumbani, mtu mmoja akapiga vyombo vyote, mwingine akaimba. Huo ndio muziki wanaouita bleki metali, na kwao wapo watu wanaouweka akiba mwaka mzima, wanaufungulia theluji ikianguka. Nilielewa jambo la kuweka akiba. Muziki wenyewe sikuuelewa.

Kiongozi wetu, mzee wa kanisa, alitaka kujua wanaimba nini. Kijana hakuficha. Alisema baadhi ya vijana wa muziki huo walichoma makanisa kwao, na kwamba lile la mbao la Fantoft, mjini kwake Bergen, lilitiwa moto Juni 1992. Mzee akakoroga maharage kitambo.

"Basi hao wasiimbe karibu na sufuria yangu."

Kesho yake, kwenye kibanda kiitwacho John Matte, kijana akanitafutia wengine. Immortal, nao wa Bergen, albamu inaitwa At the Heart of Winter, ya mwaka 1999. Hawa hawamwimbii shetani, alisema, wanaiimba baridi. Na hapo nikanasa. Gitaa lilipanda na kushuka kama njia ya milimani, lina pumzi, lina mahali pa kutua mzigo. Lakini kilichonishika zaidi ni habari za Demonaz, mpiga gitaa wao. Mishipa ya mkono iligoma, akashindwa kupiga. Abbath, mwimbaji, akalichukua gitaa, na Demonaz akabaki kuandika maneno. Sisi mpagazi akiumia goti anapewa nauli ya kurudi kwao, na msimu ukifuata jina lake halisomwi.

Maneno hayo anayoandika Demonaz, kumbe, yanahusu nchi ya barafu aliyoitunga mwenyewe. Ina jina, Blashyrkh, na ina kunguru wake. Ufalme mzima wa baridi.

"Sisi tunao," nikamwambia.

"Mnao nini?"

"Ufalme wa theluji. Rwenzururu. Nzururu ni theluji kwa Kikonzo. Serikali imeutambua mwaka jana tu."

Akavua hedifoni zote mbili. "Una maana mna mfalme kabisa?"

"Kabisa. Na kasri lake liko Kasese, kwenye joto."

Akacheka mpaka mzee akageuka kumtazama. Nikamuuliza, na huko Bergen theluji inafika wapi, magotini? Akatikisa kichwa. Bergen ni mvua, alisema. Mvua, mvua, halafu mvua. Nimelitafakari hilo mara nyingi: vijana wa mji wa mvua wamekaa ndani, wanatamani theluji, mpaka wakaitungia nchi.

Basi nikapanga. Albamu ile nitaisikiliza kwenye kibanda cha Elena, mita 4,541, mahali inapostahili. Tulipolala Bujuku, kibanda cha kabla yake, sikuigusa kabisa.

Elena ni mwamba, upepo na kibanda. Usiku ule mawe yalivaa barafu, na maji ya kunywa yaliganda dumuni. Kabla ya mapambazuko kijana aliondoka na viongozi kuelekea kilele cha Margherita, akaniachia kidude. Wenzangu walikuwa wamebanana kama ndizi kwenye mkungu. Nikajifunika, nikabonyeza.

Kimya. Betri ilikuwa mpya juzi tu, baridi imeiua. Nikaitia kwapani, nikahesabu hadi mia tatu, nikairudisha. Ikawaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo uliobeba jina la albamu: gitaa la polepole, pole kabisa, kama mtu anayetembea peke yake. Kabla ngoma hazijaingia, ikazima. Kwapani tena. Haikurudi.

Waliporudi, kijana alikuwa na midomo iliyopasuka.

"Umesikiliza?"

"Mwanzo tu."

Mzee alikuwa akimwonyesha jiwe jeusi mteremkoni. Alipoanza kazi, alisema, pale ulikanyaga barafu. Ile aliyoikuta Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, mwaka 1906 imebaki kipande. Kijana hakupiga picha ya jiwe lile, ingawa alikuwa amepiga picha hata za sufuria.

Tulipoagana Nyakalengija, chini njia inakoanzia, kijana akanizawadia kidude pamoja na nyimbo zote.

Kwa hiyo albamu ile niliimaliza Kasese, saa nane mchana, shati nimelivua, jasho linachuruzika, na spika ndogo niliyoazima kwa fundi simu. Mama alisimama mlangoni na ungo wa mchele. Nilijua ataniuliza kuhusu shetani. Akasikiliza wimbo mzima, huku akichambua.

"Huyu kifua kimembana," akasema. "Huko kwao hakuna tangawizi?"