Herufi Imegongana, Picha Zipo

Kuna jambo linanichoma tangu Ijumaa na nataka niliandike kabla halijapoa. Mama mmoja mpiga picha hapa Tanga, ambaye amepiga harusi za karibu kila nyumba mtaani kwetu, nusura afutiwe diski yake nzima kwa sababu ya herufi moja, ile ambayo Windows huipa kila diski iwe jina lake. Virusi hakuna, diski haijaanguka, umeme haujakatika.

Alinipigia sauti imemkauka. Hata shikamoo yangu aliipokea nusunusu. "Marahaba mwanangu. Kazi zangu zimepotea. Fundi anasema diski imekufa, anataka aifomati aone kama itaamka." Nikamwambia, "Mama, nakuomba, asibonyeze kitu chochote. Nakuja."

Nilichokikuta studio ni hiki. Diski ya nje imechomekwa, taa yake inawaka na inapepesa kama kawaida, lakini ukifungua This PC, dirisha linaloorodhesha diski za kompyuta, haionekani. Programu ya kuhariri video nayo imefunguliwa kwenye harusi ya wiki iliyopita, na kila kipande kimegeuka kuwa kibao chekundu kinachosema faili halipatikani. Mtu akiona hivyo viwili kwa pamoja anaamini msiba umeingia, na simlaumu mama kwa hofu yake. Ile diski ina picha za watu ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Hazipigwi mara ya pili.

Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika diskmgmt.msc. Hapo ndipo pa kwenda kwanza, kabla ya kumwita mtu, kabla ya kushusha programu yoyote ya kufufua data. Dirisha la Disk Management linaonyesha kila diski ambayo kompyuta inaiona, iwe na herufi au isiwe nayo. Na ile diski ilikuwepo pale chini, ukanda wa bluu, GB 931.51 kama inavyosomeka diski yoyote ya terabaiti moja, mpangilio wa mafaili NTFS, hali yake Healthy, yaani nzima, na herufi yake E. Nzima kabisa. Nikamwonyesha mama kwa kidole. Akakaa chini kwanza.

Sasa mbona haionekani? Nikarudi This PC. E ilikuwepo, ila haikuwa diski: ilikuwa folda ya mtandao inayotoka kwenye kompyuta ya mapokezi. Kijana anayesaidia kuchapisha picha aliiunganisha wiki hiyo ili asihangaike na flashi, na alipoiunganisha diski ya mama haikuwa imechomekwa. E ilionekana iko wazi, akaichukua. Kosa si la yule kijana. Kompyuta yenyewe haikumpa onyo lolote.

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo mafundi wengi wanaparuka. Windows ina watoaji herufi wawili. Diski na flashi zinapewa herufi na sehemu ya mfumo inayoitwa Mount Manager, na herufi hizo ni za kompyuta nzima. Folda za mtandao zinapewa herufi ndani ya kikao cha mtumiaji aliyeingia, na ni zake yeye tu. Wawili hawa hawaulizani. Diski ya mama ilipochomekwa, Mount Manager alikumbuka kwamba huyu ni E, akampa E yake. Lakini kwa aliyeketi mbele ya kioo, E ya kikao ndiyo inayotangulia, hivyo ile ya diski ikafichwa nyuma yake. Programu ya video nayo ilikwenda E kutafuta folda ya Harusi kama ilivyoandikiwa, ikaingia kompyuta ya mapokezi, ikakuta risiti na orodha za bei.

Kumbukumbu hiyo ya Mount Manager inakaa kwenye rejistri, yaani daftari la mipangilio ya Windows, kwenye ufunguo wa HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\MountedDevices. Kwa diski zilizogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kila herufi imeandikiwa baiti 12: 4 za saini ya diski, yaani namba inayoitambulisha, na 8 za mahali sehemu ya diski yenye herufi hiyo inapoanzia. Ndiyo maana ukinakili diski nzima kwenda nyingine saini inakuja nayo, na ukizichomeka zote mbili Windows inaiacha moja Offline, yaani haiifungui. Watu wengi wanazitupa diski za namna hiyo wakidhani zimeharibika, kumbe zimegongana saini tu.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Ndani ya Disk Management, bonyeza ule ukanda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Change. Nikamuuliza mama anataka herufi gani. Akasema, "Weka P, ya picha." Windows ikatoa onyo kwamba programu zinazotegemea herufi ya zamani huenda zisifanye kazi, nikakubali, na diski ikatokea papo hapo na folda zake zote, kuanzia za 2014. Mama akafungua moja bila kusema neno, akaanza kuzipitia.

P si chaguo baya hata kwa sababu nyingine. Windows ikipokea kifaa kipya huanza kutafuta herufi kutoka mwanzo, D, E, F, na ukiunganisha folda ya mtandao kwa dirisha lake la kawaida inakupendekezea kutoka mwisho, Z kurudi nyuma. Katikati ndiko kwenye utulivu. Diski ya kazi ningeipa kitu kati ya M na T, kila mara, na ningeandika herufi hiyo kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha lake.

Ikabaki kazi moja: harusi za zamani bado zinaita E. Folda ya mapokezi nikaiondoa kwa net use E: /delete na kuiunganisha upya kwa Z. Kisha kwenye skrini nyeusi ya amri nikaandika:

subst E: P:\

Amri hiyo inaifanya E iwe jina la pili la P. Vibao vyekundu vikafutika, bibi harusi akarudi kwenye kioo na maua yake. Amri hiyo inaisha ukizima kompyuta, na kwa hapa hilo ni zuri: inatosha kumalizia kazi zilizo mezani, halafu kazi mpya zote zinaanzia P. Iandike kwenye dirisha la kawaida, si lile linalofunguliwa kwa haki za msimamizi, la sivyo herufi haitaonekana kwa programu zako.

Mashine ikiwa nzito, au dirisha la Disk Management likikwama, diskpart, programu ya Windows inayoendeshwa kwa kuandika amri, inafanya kazi ileile: list volume, kisha select volume na namba yake, kisha assign letter=P. Soma safu ya ukubwa kabla ya kuchagua namba. Diskpart hiyohiyo ina amri ya clean, inayofuta mpangilio wote wa diski bila kukuuliza mara mbili, na hiyo haina nafasi hapa.

Herufi hizi zina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaozihangaikia. Zilikuwepo kwenye CP/M, mfumo wa kuendesha kompyuta wa Gary Kildall, miaka ya 1970, zikaingia DOS ya kompyuta ya IBM mwaka 1981 wakati diski zilikuwa za kuchomeka na kuchomoa, A na B. IBM ilipotoa kompyuta ya XT mwaka 1983 yenye diski ya ndani ya megabaiti 10, ikakaa C, na C haijahama mpaka leo. Herufi 26 zilitosha dunia ya wakati ule. Leo kisomaji cha kadi kitupu tu kinaweza kushika herufi nne bila kadi hata moja ndani yake.

Si kila diski iliyopotea ni ya namna hii, nisidanganye mtu. Kuna inayoonekana kwenye Disk Management bila herufi yoyote, hiyo unaipa tu. Kuna iliyofichwa na sera ya ofisini. Kuna inayoandikwa RAW, na Windows inakuomba uifomati kila ukiigusa. Hiyo usiifomati hata ukiombwa mara kumi, kwa sababu mpangilio wa mafaili ndio uliovurugika na data mara nyingi bado iko chini yake. Na ikiwa haionekani hata kwenye Disk Management, badilisha waya, badilisha tundu la USB, ndipo uanze kuwaza mabaya. Herufi ya C usiiguse kabisa, wala ya diski yoyote iliyowekewa programu.

Yule fundi sina ugomvi naye. Nilimpigia jioni, nikamweleza nilichokikuta, akanisikiliza vizuri na akauliza ile diskmgmt inaandikwaje. Ninachokilalamikia ni mazoea tuliyonayo mitaani ya kuifanya fomati kuwa panadoli. Mteja analipa, diski inarudi safi, na picha za marehemu baba yake hazirudi. Ningependa kila duka la kompyuta libandike ukutani karatasi moja: fungua Disk Management mbele ya mteja, msome pamoja kilichoandikwa, kisha ndipo useme lolote.

Kesho asubuhi narudi kwa mama. P tuliyoiweka inatambulika kwenye kompyuta ile tu. Akiipeleka diski kwenye laptopu ya kijana wake itapewa herufi nyingine, na vibao vyekundu vitaanza upya. Nitaiweka P na huko pia. Halafu tununue diski ya pili, tunakili kila kitu folda kwa folda, na hiyo tuipe R.