Kanisa lilipowanyima watu mazishi

Mwaka 1208 Papa Innocent wa Tatu alifunga makanisa ya Uingereza yote. Aligombana na Mfalme John juu ya nani awe Askofu Mkuu wa Canterbury: Papa alimtaka Stephen Langton, mfalme akamkataa. Walioumia ni raia. Kengele zilinyamaza, misa za hadhara zikakoma, wafu wakazikwa bila padri, nje ya ardhi iliyobarikiwa. Mtoto aliruhusiwa kubatizwa na anayekata roho kuungama, basi. Miaka sita.

Nguvu ya Kanisa la Zama za Kati mimi naiona hapo kaburini kuliko kwenye makanisa makubwa ya mawe. Watu waliamini njia ya mbinguni inapita mikononi mwa padri, kwa hiyo aliyeweza kumzuia padri aliweza kumpigisha mfalme magoti. Henry wa Nne wa Ujerumani alisubiri siku tatu kwenye baridi ya Januari 1077, nje ya ngome ya Canossa, ili Papa Gregory wa Saba amwondolee adhabu ya kutengwa na Kanisa. John naye alisalimu amri 1213, akaikabidhi nchi yake kwa Papa na kuahidi kumlipa marki 1,000, fedha ya wakati huo, kila mwaka.

Nafundisha historia hapa Kakamega, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Wakatoliki. Daftari la zaka naliandika mimi. Senge yangu, yaani shangazi, alipofariki, parokia yake haikumtuma padri kwa sababu kadi yake ya zaka ilikuwa na deni. Figo zilikuwa zimemmaliza, na kila shilingi ilikwenda hospitali. Kadi hiyo niliishika: ya manjano, imekunjwa mara nne, mihuri inaishia Machi, kisha miraba mitupu hadi chini. Mzee wa kanisa aliikagua pale chini ya hema, jeneza likiwa mbele yetu, akasema tulipe malimbikizo kwanza. Binamu yangu alishatoa simu atume pesa. Baba akamkataza. Katekista mmoja mstaafu, jirani tu, akavua kofia, akaongoza sala, tukamzika Senge.

Tangu siku hiyo nasoma sura ya kitabu cha historia inayoeleza kudhoofika kwa Kanisa kwa jicho jingine. Mwaka 1302 Papa Boniface wa Nane alitangaza kwamba hakuna binadamu atakayeokoka asipokuwa chini ya Papa. Mwaka mmoja baadaye watu wa Philip wa Nne wa Ufaransa walimkamata mjini Anagni, Italia, na hakuishi hata miezi miwili. Kuanzia 1309 mapapa wakaishi Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo, badala ya Roma. Ikaja tauni ya 1347, mapadri wakafa pamoja na waumini wao, na wengi wakaaga dunia bila mpako wa wagonjwa. Halafu 1378 wakawepo mapapa wawili, na kuanzia 1409 watatu, kila mmoja akiwatenga wafuasi wa wenzake. Mkulima atamwogopa yupi? Mwaka 1428 wakafukua mifupa ya John Wycliffe, mwanateolojia Mwingereza aliyelikosoa Kanisa na kufa 1384, wakaichoma. Kanisa lililobaki kuadhibu mifupa lilikuwa limeishiwa.

Vitabu vya shule humpa Martin Luther, mtawa aliyeanzisha Uprotestanti, na mwaka 1517 uzito mkubwa mno. Kwa maoni yangu, hofu ilikuwa imeshawatoka watu kabla yake. Kizazi baada ya kizazi kilikuwa kimeona neema ikifungwa na kufunguliwa kwa ajili ya siasa na fedha.

Na kinachoniuma zaidi: Innocent yuleyule, katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterani wa 1215, alikataza mapadri kudai malipo kwa ajili ya mazishi. Sheria ya Kanisa ya leo, kanuni ya 1181, inasema maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa, na mwenye deni la zaka hayumo. Jumuiya ikikutana tena nitaomba kanuni hizo mbili zisomwe kwa sauti kabla sijafungua daftari.