Baiskeli ya reli na ukingo wa sentimita mbili

Reli ilifika hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956, ikaletwa na shaba ya Kilembe. Siku hizi treni haipiti, nyasi zimejaa katikati ya mataruma. Mzee wangu alikuwa wa gengi la njia, kundi la watunza reli, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitoka hukohuko gengini. Mimi nachomelea mageti. Tangu Januari, kila nikifunga karakana, nahangaika na kitu kimoja tu: baiskeli ya kutembea juu ya reli.

Umbo lake si gumu. Tairi zote mbili zinakaa juu ya reli moja, kisha bomba linatoka ubavuni hadi reli ya pili, na mwisho wake pana gurudumu la kukuzuia usipinduke. Usukani umekazwa, haugeuki. Kinachoongoza ni vigurudumu viwili vyenye ukingo, kimoja mbele ya tairi la mbele, kingine nyuma ya lile la nyuma. Ukingo unashuka upande wa ndani wa reli, kama gurudumu la behewa.

Nilianza kwa kupima katikati ya reli hii hadi katikati ya ile. Mzee akaninyang'anya futi. "Geji, yaani upana wa njia, hupimwa ndani kwa ndani, tena shuka kidogo chini ya uso wa reli." Tukapata milimita 1000. Tulipofika kwenye kona ikazidi kidogo, nikadhani reli imeharibika. Kumbe kwenye kona kali walikuwa wanaipanua makusudi ili magurudumu yasibane! Ndiyo maana gurudumu langu la pembeni nimelifanya pana, sentimita 9, lisije likadondoka ndani.

Magurudumu yote seremala kayachonga kwa mvule. Juu yake nimepigilia ukanda wa tairi kuukuu, misumari ileile ya kutengenezea lugabire, zile sandali za tairi. Yanashika vizuri, hasa kwa kuwa reli ina kutu.

Ukingo ndio ulionitesa. Nilikata sentimita 4 nikijua kwamba ukiwa mrefu ndio usalama. Hatua chache tu, tak! Baiskeli ikaruka, nikaangukia kokoto na goti likachanika. Nilipoinama niliona alama mbichi kwenye mbao: ukingo ulikuwa umegonga vyuma viwili vinavyounga reli kwa bolti, ambavyo vimekaa chini tu ya kichwa cha reli. Nikaupunguza hadi sentimita 2, ukapita juu yao bila kugusa.

Baada ya hapo ikawa inavuta kulia. Bomba lilikuwa limepinda kidogo mno, jicho halioni, lakini gurudumu lilielekea nje na kutaka kupanda reli. Badala ya kuchomelea upya nikalirefusha tundu la bolti, sasa nalegeza, nasogeza, nakaza. Anayetaka kutengeneza yake aanze na tundu hilo, ataokoa wiki nzima.

Jumapili Mzee alikaa kwenye kibao nilichofunga juu ya bomba, fimbo mapajani, nami nikakanyaga taratibu. Kila tulipopita kiungo alikuwa anainama kutazama bolti. "Hii imelegea," akasema. Tukaendelea. "Na hii."

Nyasi zilitusimamisha kabla ya kalvati. Jumamosi naenda na panga, na Mzee ameniambia nimtafutie spana kubwa.