Kumbukumbu ya snobaiki, Februari: mwili unachokea wapi

Tangu nivue magurudumu ya pikipiki yangu ya 450 (sentimita za ujazo) nikafunga ski moja, yaani ubao wa kuteleza, mbele na mkanda wa meno nyuma, ikawa snobaiki, wenzangu wa motokrosi, mbio za pikipiki kwenye udongo na vilima, wananiuliza swali lilelile: inachosha kuliko motokrosi? Wa snomobili, ile mashine ya theluji ya kuketi yenye ski mbili, nao wanauliza kama inachosha kuliko yao. Msimu uko katikati na nimeshapanda nayo vya kutosha milimani Revelstoke, huku Kanada, kwa hiyo safari hii mambo ya spana yakae pembeni kidogo.

Kila kitu kinaanzia kwenye nguvu. Snomobili ya milimani yenye injini ya 850 ina nguvu za farasi zaidi ya 150, na uzito wake unapita kilo 200. Yangu ina farasi 50 na kidogo, na ikishavaa vifaa vya theluji inakaribia kilo 150. Juu kule hewa ni nyepesi; ukifika mita 2,000, injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Mwenye snomobili akipunguza mwendo kwenye theluji ya kina, anaongeza mafuta na mashine inamtoa. Mimi nikipunguza nimezama. Basi sipunguzi. Nasimama kwenye vikanyagio, mapaja yanawaka moto, mafuta wazi, mpaka nipate tambarare. Nguvu ambayo injini haina inadaiwa miguuni, na deni hilo halikopesheki.

Barabara ya kupandia, iliyoshindiliwa na mashine, ndiyo inayonichosha bila faida. Ski moja inafuata kila mfereji, usukani unacheza kushoto na kulia, na mikono inakaza hata kabla hatujaanza kazi yenyewe. Wa snomobili wanapita wameketi.

Msituni mambo yanageuka. Kukata ubavu wa mlima kwa snomobili ni kazi ya mieleka: unageuzia ski bondeni huku unaning'inia upande wa mlima, mashine nzima ikitaka kukurudisha chini. Snobaiki unailaza tu, kama pikipiki yoyote, ukapenya kati ya miti. Hapo jamaa zangu wanavuja jasho nami napumua vizuri.

Motokrosi bado ni kali kuliko zote kwa muda mfupi. Mbio za dakika 30 na mizunguko miwili zinapandisha mapigo ya moyo karibu na kikomo chake, na kila ukitua kutoka juu mifupa inajua. Theluji inameza mishtuko hiyo. Lakini mlimani ni kutwa nzima, umevaa nguo nzito, mgongoni begi lenye koleo, ufito wa kumtafutia aliyefukiwa na mfuko wa hewa wa kujikinga na maporomoko ya theluji. (Brock Hoyer, aliyechukua dhahabu ya snobaiki kwenye mashindano ya X Games mwaka 2017, ametoka motokrosi, na kwenye njia fupi yenye kuruka misuli inayotakiwa ni ileile. Mlimani ni habari nyingine.)

Kisha kuna kukwama. Mkanda ukichimba shimo la kufika kiunoni, sianzi na koleo. Naulaza mtambo ubavu, navuta usukani mpaka mkanda utoke, najaza shimo na kulishindilia kwa buti, nainua, napanda, gia ya pili, klachi taratibu. Mtu mmoja anaweza. Snomobili ingetaka wawili. Ila kule kuinua, kwenye theluji isiyo na pa kukanyagia, ndiko kunakomaliza kiuno. Ikijirudia mara kadhaa kabla ya saa sita mchana, siku imekwisha.

Kwa hiyo mazoezi yangu ya jioni nimeyabadilisha: nimepunguza vyuma vya mikono, nimeongeza kuchuchumaa na uzito begani na mashine ya kupiga makasia. Miguu imeshaitikia, naiona kwenye vilima virefu. Kiuno bado. Wiki hii nainua usukani kwa vipande vya alumini ili nisimame bila kuinama, na nataka niujaribu kabla theluji ya Machi haijawa nzito.