Televisheni ya mistari 30: hatimaye picha imetulia

Uso kwenye televisheni niliyojijengea umesimama! Haupandi tena, haupindi. Una urefu wa sentimita 5 na upana wa 2 na kidogo, rangi ya chungwa tupu (LED nimezichagua hivyo makusudi, zikaribie mwanga wa taa ya neoni wa Televisor, televisheni ya awali ya mvumbuzi Mskoti John Logie Baird), lakini macho yanapepesa na mdomo unafunguka.

Waliowahi kuijenga wanajua kazi iko wapi: kwenye mwendo. Sahani yenye matundu 30, kila tundu likichora mstari mmoja wa picha, izunguke mara 750 kwa dakika, ndipo upate picha 12.5 na mistari 375 kila sekunde. Ikikosea sehemu moja tu ya elfu, uso wote unateleza na kutoka upande wa pili ndani ya sekunde tatu hivi. Baird alitumia gurudumu la chuma la meno 30, likivutwa na sumaku za umeme kwa mawimbi yaleyale ya picha. La kwangu halikuiweza mota. Linashika, linaachia, uso unayumba. Limenikosesha usingizi jamani.

Tarehe 14 Julai 1930 Waingereza waliorushiwa mchezo wao wa kwanza wa kuigiza wa televisheni waliutazama hivyohivyo, mkono kwenye swichi ya mwendo. Na wao walikuwa na bahati: tangu 31 Machi mwaka huo kituo cha kurushia matangazo cha Brookmans Park, karibu na London, kilitumia mitambo miwili, sauti na picha vikaja pamoja. Kabla ya hapo ilikuwa kimoja kwanza, kingine baadaye. Nawavulia kofia.

Dawa yangu ni faili la sauti la stereo: kushoto mawimbi ya picha, kulia mlio wa hezi 375. Sensa ya infraredi inasoma alama 30 nyeusi ukingoni mwa sahani, Arduino (kibao kidogo cha kompyuta) inalinganisha na mlio huo na kurekebisha umeme wa mota. Bado ikatetemeka! Alama za rangi hazilingani upana, na programu ilikuwa inaifukuza kila moja. Sasa inachukua wastani wa mzunguko mzima, basi, kimya.

Matundu ya milimita 0.7 msitoboe kwa drili ya mkononi. Biti zinavunjika ovyo. Tafuteni stendi, hata ya bei ndogo.

Kasha la mbao lilikuwa lifuate, ila litangoja. Julai 1928 Baird alionyesha picha za rangi kwa sahani yenye mizunguko mitatu ya matundu, nyekundu, kijani na bluu. Kipande cha alumini kimebaki, na mzunguko wa kwanza nimeshauchora.