Tope la Kilombero lilivyoacha kugandisha baiskeli yangu
Kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, kushoto ni ardhi oevu ya Kilombero, eneo la Ramsar (ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu 2002. Kulia, milima ya Udzungwa. Njia tambarare, raha kwa asiye na haraka, mpaka mvua inyeshe. Udongo mweusi wa majaruba hujaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma. Kuchokoa kwa kijiti kulinifikisha hatua chache tu.

Fundi wa kijijini alicheka: “Kaka, madigadi hizi ni za lami.” Akashika spana namba 10, akang'oa madigadi zote mbili, akazifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Tope likawa linadondoka lenyewe. Mgongo unachafuka, sawa, lakini baiskeli inatembea. Cheni niliisuuza, nikaikausha, oili matone tu. Ikizidi inashika mchanga.